Mchezaji wa Baba Wawili

"Hiyo ni kesi ya mpira, Koplo, si kesi ya polisi," Inspekta alimwambia asubuhi ile pale Kisii, tayari ameshalisukuma jalada pembeni. "Kijana alipotea, kijana ameonekana. Yuko Magwagwa anafunga mabao. Mama yake anataka nini tena?"

Koplo Persis Mong'ina akasema "Ndiyo, bwana," akapiga saluti, akatoka. Jua lilipofika utosini alikuwa amesimama kando ya uwanja wa Magwagwa, matope mekundu yamempanda mpaka vifundoni. Ndivyo alivyoumbwa Persis. Ukimwambia mlango umefungwa, atataka kujua ni nani kaufunga na alikuwa anaficha nini. Mwaka ule wa 1974 wanawake wa idara ya upelelezi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na wenzake wa kiume walimrundikia kesi walizozidharau: kuku walioibwa, mipaka iliyosogezwa, wake waliokimbia. Masikini, hawakujua kwamba kwa njia hiyo walikuwa wanamfundisha siri za kila boma la Kisii.

Kilichomtoa kituoni ni Kwamboka. Mjane huyo wa Suneka alikuwa ameshinda wiki nzima kwenye benchi la kituo, leso begani, akiuliza habari za mwanawe wa pekee, Walter, kijana wa miaka kumi na saba. Alipoambiwa ameonekana Magwagwa mzima wa afya, badala ya kushukuru Mungu aliangua kilio.

"Wanasema huko ana baba mwingine," alisema. "Koplo, mimi nakaa kwa shamba la marehemu Obwocha kwa sababu nilimzalia mtoto. Wakikubali Walter si wa Obwocha, nitasimama wapi? Nitaambiwa nichukue sufuria zangu niende."

Na siku ya kukubali au kukataa ilikuwa kesho yake, Ijumaa. Kamati ya ligi ya vijana ya wilaya ingeketi Nyamira kusikiliza mashtaka ya Suneka kwamba mchezaji wao ameibwa. Fainali ilikuwa Jumapili. Wazee wa baraza wa pande zote mbili walikuwa wamealikwa wawe mashahidi, na neno likishakubaliwa mbele ya wazee wale, hata korti ingepata taabu kulirudisha.

Kocha wa Magwagwa, Mwalimu Onyancha, alimwona Persis akamjia mbio, uso umejaa tabasamu la mtu aliyekwisha kuandaa majibu.

"Sijaiba mtu, Madamu. Kanuni ya ligi kila mtu anaijua. Kijana anachezea lokesheni ya babake. Akitaka kuhama, timu yake impe ruhusa. Wakimnyima, anakaa nje msimu mzima."

"Walter alipewa ruhusa?"

"Wapi! Aliomba, mwenyekiti wa Suneka akamkatalia katakata."

"Na bado amevaa jezi yako."

"Kwa sababu hakuhama. Amerudi kwa babake. Mtu akirudi kwa babake haombi ruhusa ya yeyote. Ni kanuni hiyohiyo, Madamu, soma yote."

"Huyo baba alitoka wapi ghafla?"

Onyancha alijikuna shingo. "Mzee Nyangau, wa pale juu kwa mashamba ya chai. Alikuja mwenyewe. Akasema huyu kijana ni damu yangu. Mimi ni nani nimpinge?"

"Ulimwuliza maswali?"

"Si sana."

"Uliogopa angejibu," Persis alisema, akaelekea uwanjani.

Walter alikuwa mrefu, mwepesi, na alipoitwa alikuja na mpira kwapani kana kwamba angenyang'anywa. Persis alimsalimu, akamwambia mama yake analia. Kijana aliinamisha kichwa.

"Mwalimu ameniahidi nafasi kwa shule ya harambee," alisema. "Nikicheza hapa nitasoma bure. Mama hana karo. Nilitaka kumsaidia."

"Nyangau ni baba yako?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Nimekuuliza wewe, sikuwauliza wao."

Walter aliutupa mpira chini, akaukanyaga, akausukuma mbele na nyuma. "Nimeambiwa nisizungumze mpaka Ijumaa."

"Na nani?"

"Na watu wazima."

Akaupiga mpira, akarudi mbio kwa wenzake. Lakini mpaka hapo Persis alikuwa ameshampata mshukiwa wake moyoni: Onyancha. Kocha ana njaa ya kombe, kanuni inamziba, basi ananunua baba kama mtu anayenunua viatu. Jambo lilikuwa wazi, na Persis alipanda kilima cha Nyangau akiwa na hakika.

Hakika yenyewe haikudumu. Mzee Nyangau, mtu mwembamba wa macho mekundu, alimkaribisha uani, akampa kigoda, akaanza kusimulia bila hata kuulizwa vizuri. Alisema aliwahi kutoa ng'ombe wa mahari kwa babake Kwamboka kabla ya Obwocha kujitokeza, na ng'ombe hao hawakurudishwa kamwe.

"Na ng'ombe wasiporudi, mtoto ni wa nani? Wewe ni binti wa huku, unajua."

"Najua, Omogaka," Persis alisema, akitumia jina la heshima la wazee. "Endelea."

"Huyo kijana alizaliwa siku ya mvua ya mawe. Paa la jikoni liliporomoka. Alitanguliza miguu. Mamake alishikwa na homa, mtoto akanyonyeshwa na mke wa shemeji yake."

Persis aliacha kuandika. Hayo yalikuwa mambo ya ndani kabisa, mambo ambayo wanawake huyasema jikoni mlango ukiwa umefungwa. Mwalimu Onyancha angeyatoa wapi? Hakuwahi hata kufika Suneka, ila kwa mechi. Ama mzee huyu alikuwa anasema kweli, ama kulikuwa na mtu mwingine nyuma yake, mtu wa boma lile lile la Kwamboka. Je, ikiwa mjane amemdanganya?

"Ningependa kuona anapolala kijana," alisema, ili tu apate muda wa kufikiri.

"Hiyo tu? Twende."

Nyumba ndogo ya udongo ilikuwa kando ya migomba, mpya, imekandikwa majuzi. Nyangau aliusukuma mlango kwa bega, akaingia, akaketi juu ya kitanda, akapiga godoro kwa kiganja. "Ingia uone! Nimempa hata blanketi la mkoloni."

Persis hakuingia. Alibaki kizingitini, mkono kwenye fremu. Wakati huohuo mke wa Nyangau, Bitutu, alipita na kikapu cha majani ya chai mgongoni, akamwona mumewe amekaa pale kitandani, akawasalimu, akaenda zake taratibu.

Lo! Hakuna baba wa Kigusii anayekanyaga ndani ya nyumba ya mwanawe aliyekwisha kutahiriwa, sembuse kukalia kitanda chake. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima ya baba na mtoto, na mtu hafundishwi; anakua nayo. Hata mlevi akirudi gizani hukumbuka. Mtu angeweza kukariri ng'ombe, mvua na homa, lakini miguu yake ilikuwa imemsaliti, kwa kuwa mwili wake haukumjua Walter kama mtoto. Alikuwa ameingia pale kama mtu anayeingia kwa mpangaji. Na Bitutu je? Mke anayemwona mumewe amefanya hivyo kwa mwanawe angedondosha kikapu, angepiga yowe, angewaita majirani. Bitutu hakushtuka, kwa hiyo Bitutu naye alijua.

"Asante, Omogaka," Persis alisema. "Nimeona ya kutosha."

"Unaona basi! Huyu ni mtoto wangu."

"Kesho utawaeleza wazee hivyohivyo ulivyonieleza mimi. Usiache hata kidogo."

Mzee aliahidi kwa furaha.

Uongo ulikuwa umejulikana, ila mwenye uongo bado. Alfajiri ya Ijumaa Persis aliteremkia Suneka juu ya lori lililokwenda kuchukua ndizi, akamkuta Kwamboka anachoma viazi vitamu kwa jivu. Hakupoteza muda.

"Mama, siku ya kuzaliwa Walter, nani alikuwepo?"

Kwamboka alishangaa. "Mkunga, Mungu amrehemu. Na mke wa shemeji, aliyemnyonyesha, naye pia ameshafariki. Na shemeji mwenyewe, Zachariah. Alishikilia mlango usibebwe na upepo. Kulikuwa na mawe, Koplo, mawe kama mayai!"

"Nyangau wa Magwagwa unamjua?"

"Simjui hata kwa sura. Ng'ombe walitoka kwa Obwocha, wote, na babangu aliwapokea."

"Zachariah ndiye mwenyekiti wa timu ya Suneka?"

"Ndiye. Ndiye anayempigania Walter. Amesema atapambana mpaka kijana arudi." Kwamboka alisema hayo kwa shukrani, na shukrani hiyo ilimchoma Persis.

Alizunguka nyuma ya nyumba. Katikati ya shamba la mjane, upande huu wa ua wa mpaka na Zachariah, mashimo mapya ya migomba yalikuwa yamepangwa safu kwa safu, udongo wake bado umelowa.

"Nani kachimba haya?"

"Shemeji. Ananisaidia. Nilimwambia sina machipukizi ya kupanda, akasema nisijali, yeye anayo."

Persis alichuchumaa, akachukua udongo akaufinya; Zachariah alikuwa ameshaanza kupanda yake mwenyewe. Sasa alimwona mtu huyo wazi, na alikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Zachariah amnyime kijana ruhusa. Kijana aliyenyimwa ruhusa abaki na njia moja tu, njia ya baba. Baba atafutwe. Kisha Zachariah huyohuyo apeleke mashtaka, awaite wazee, apige kelele za wizi, ili jambo ambalo lingeishia uwanjani liamuliwe hadharani: Walter si wa Obwocha. Angeshindwa kesi ya mpira akarudi nyumbani na shamba la nduguye.

"Vaa viatu, Mama," alisema. "Tunakwenda Nyamira."

"Koplo, leo jioni Sabato inaingia. Sijapika ya kesho."

"Tutarudi kabla haijaingia. Au hutakuwa na jiko la kupikia."

Ukumbi wa Nyamira ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Mwenyekiti wa ligi, Mzee Yakub Dahir, mfanyabiashara wa vitambaa wa Kisii mjini, alikuwa amefika moja kwa moja kutoka msikitini, kofia bado kichwani. Alikuwa mtu wa haki na mwenye haraka.

"Mimi nimeswali, nyinyi Wasabato mnaliangalia jua, na Wakatoliki wanataka kwenda kunywa chai," alisema. "Kwa hiyo maneno yawe mafupi. Suneka!"

Zachariah aliinuka. Mtu mnene, suti ya kijivu, sauti ya mimbari. "Tumeibiwa, Mwenyekiti! Mchezaji wetu, fahari ya Suneka! Nadai haki!" Watu wake walipiga makofi. Akangoja yatulie, akashusha sauti. "Lakini mimi si mtu wa ugomvi. Wazee wakiridhika kwamba kijana ana baba yake Magwagwa, sisi tutanyamaza. Tutakubali hapahapa, mbele ya wote, na neno litakwisha."

Persis alitazama huku na huku kuona kama kuna mwingine aliyelisikia. Mtu amekuja vitani, na kabla hata ya ngumi ya kwanza ameshaonyesha njia ya kushindwa.

Nyangau akaitwa. Akatoa ng'ombe wake, mvua yake ya mawe, homa yake. Alisimulia vizuri, wazee wawili watatu walianza kutikisa vichwa kwa kukubali. Kwamboka, nyuma kabisa, alijiziba mdomo kwa leso. Walter alikaa karibu na kocha wake akitazama sakafu.

"Mwenyekiti, naomba swali," Persis akasema.

"Polisi nao wana timu?" mtu akauliza, watu wakacheka.

"Uliza, Koplo," Yakub alisema. "Upesi."

"Omogaka Nyangau, jana nilikutembelea. Nilikuomba nini?"

"Uone anapolala kijana wangu."

"Ukanionyeshaje? Waeleze wazee kama ulivyofanya."

"Nilifungua mlango, nikaingia, nikakaa kwa kitanda nikakuambia..."

Mdomo ulibaki wazi. Mzee mmoja wa Magwagwa, wa upande wake mwenyewe, aligeuza uso akatazama ukuta.

"Uliingia?" mzee huyo aliuliza kwa sauti ya chini. "Kwa nyumba ya mwana aliyetahiriwa? Ukakaa?"

Yakub Dahir alizaliwa Kisii mjini, na ingawa nyumbani kwao hawakuwa na mwiko huo, aliujua vizuri. Aliweka kalamu chini. "Mzee Nyangau, huyu kijana ni mwanao?"

Nyangau alijifuta jasho kwa mkono wa koti. "Yaya, hapana," alisema. "Sikumzaa."

Ukumbi ulilipuka. Onyancha alishika kichwa. Yakub aligonga meza mpaka kiganja kikamwuma.

"Basi jambo limekwisha!" alitangaza. "Walter ni mtoto wa marehemu Obwocha, wa lokesheni ya Suneka. Mashtaka ya Suneka ni ya kweli. Mwenyekiti wa Suneka, njoo mbele umshike mkono mchezaji wako, umpokee. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

Zachariah hakuinuka.

Watu wa Suneka walikuwa wakiruka na kukumbatiana. Mmoja alimsukuma begani: "Nenda, Mzee, tumeshinda!" Zachariah alibaki palepale, mikono juu ya magoti.

"Mwenyekiti," Persis alisema kwa upole, "mbona hufurahi? Ulidai kijana wako. Huyu hapa."

"Mambo haya yana haraka," Zachariah alisema. "Mzee Nyangau ametishwa na polisi. Aulizwe tena."

"Aulizwe nini? Umeshinda."

"Wazee wakae wafikirie."

"Wafikirie nini, Mzee? Hapa kuna mtu mmoja tu anayeumia kwa ushindi wa Suneka, naye ni mwenyekiti wa Suneka."

"Huyo kijana si wetu!" Zachariah alifoka, na alipolisikia neno lake mwenyewe lilikuwa limeshafika dirishani.

Watu wa Suneka walimgeukia mmoja mmoja, wale waliokuwa wamempigia kelele za furaha dakika chache zilizopita. Nyangau, ambaye sasa hakuwa na cha kupoteza, alinyoosha kidole.

"Ni yeye. Alinifuata sokoni. Alinifundisha yote, hata ya mvua. Aliniahidi mtamba wa kwanza atakayelishwa kwa shamba la ndugu yake."

"Baba mdogo ndiye aliyenituma," sauti ikasema. Walter alikuwa amesimama. Hakumtazama kocha, hakumtazama Zachariah. Alimtafuta mama yake mpaka akamwona. "Mama, alisema ni maneno ya mpira tu. Alisema msimu ukiisha nitarudi nyumbani, na wewe ameshakueleza. Sikujua. Wallahi... naapa kwa Mungu, sikujua ni kukufukuza."

"Kijana," Yakub alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua ukali, "kanuni ni kanuni. Ulicheza bila ruhusa. Utakaa nje msimu mzima. Fainali hutaicheza, wala Magwagwa haitakuwa na nafasi kwa ajili yako."

Shule aliyoahidiwa na kocha, fainali, kila alichokitaka Walter kilikuwa kimeondoka kwa sentensi moja. "Mimi ni Walter wa Obwocha, wa Suneka," alisema. "Nifungieni."

Zachariah alikuwa ameanza kupenya kuelekea mlangoni. Persis alimtangulia, akaweka mkono juu ya kifua cha ile suti ya kijivu. "Sisi tunakwenda Kisii, Mzee. Inspekta atataka kusikia kesi ya mpira."

"Sasa nani atampokea kijana?" karani wa kamati aliuliza, amechanganyikiwa. "Kanuni inasema mwenyekiti wa timu."

Kwamboka alikuwa tayari katikati ya ukumbi. Watu walimpisha. Hakumpa mwanawe mkono kama ilivyotakiwa; alimshika uso kwa viganja vyote viwili, akamvuta mpaka paji la uso la kijana likagusa bega la mama yake.

"Mama," karani akasema, "wewe si mwenyekiti wa timu."

"Mimi ni mamake."

Yakub Dahir aliwatazama wazee. Mzee mmoja wa Suneka aliinuka, akavua kofia, kisha mwingine wa Magwagwa. Yakub akagonga meza mara moja.

"Amepokewa," alisema.